Mke Mkubwa wa Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikamwamkie shemeji.

Nilikuwa nimeshuka kwenye lori la pamba, kwenye njia panda kati ya Bariadi na Maswa, begi la spana begani, nikatembea hadi kwa Mzee Luhende. Nilimkuta amesimama mbele ya zizi la ng'ombe. Nikainama kidogo kama inavyopasa, nikamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akaelekeza fimbo kwenye banda la mabati. "Kabla hujakaa wala kunywa maji, nenda ukamwamkie mke wa Masanja. Ndiye utakayefanya naye kazi."

Nikaenda. Bandani hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na kombaini kuukuu ya kuvunia, rangi yake nyekundu imebaki sehemu chache tu kama lipstiki ya jana, na kuku mmoja ameatamia mayai ndani ya tangi la nafaka. Nikarudi mlangoni.

"Umemwamkia?" Mzee akauliza, uso kaugeuzia upande mwingine.

"Bado, baba. Simwoni."

"Humwoni na ukubwa wote ule?"

Nikamwamkia. Nilikuwa natafuta kazi, na mtu anayetafuta kazi haulizi maswali mengi.

Ninyi vijana mnaoona kombaini za siku hizi zinashushwa kwenye malori, zina kiyoyozi na dereva amevaa visikizio masikioni, hamuwezi kujua. Zetu hazikuwa na kibanda. Dereva ulikaa juu kabisa, jua lako, vumbi lako. Na vumbi la mtama lisikie kwa mwenzio. Linawasha mpaka mtu mzima anajikuna kwenye mti kama ng'ombe. Mimi kazi hiyo nilijifunza kwenye shamba kubwa la ngano la serikali, kule kaskazini, chini ya Fundi Mkuu, mtu mwembamba asiyecheka, ambaye kila mashine ilipozima alituambia neno lile lile: "Haijaharibika. Imekasirika. Tafuteni aliyeiudhi." Shamba lile lilipofungwa mashine zikauzwa, nasi tukatawanyika. Hii ya Mzee Luhende ilikuwa mojawapo ya zile, na ndiyo sababu aliniita mimi.

Jinsi ilivyopata kuwa mke wa mtu nilielezwa na Masanja mwenyewe, jioni ile ile, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Masanja alikuwa mtoto wa kiume wa mwisho wa Mzee, na alikuwa amemchumbia Minza, binti wa kijiji cha pili. Ng'ombe wa mahari walikuwa tayari zizini, wamekwisha kutazamwa na kusifiwa. Ndipo Mzee akasikia kwamba kuna kombaini inauzwa. Akawapeleka ng'ombe wale mnadani na kurudi na chuma.

"Nilimuuliza, baba, sasa mimi nioe nini?" Masanja akasema. "Akanijibu, mke anavuna shamba la mumewe tu, huyu atavuna kata nzima. Basi kijiji kikasema Masanja ameoa mashine. Mpaka watoto wa shule wanaiita shemeji."

Baba yake Minza hakucheka. Alituma ujumbe: kama ng'ombe wamegeuka chuma, basi chuma kigeuke ng'ombe msimu huo huo, mtama ukiisha kuingia ghalani. Zaidi ya hapo binti yake hangoji. Kule Maswa kulikuwa na mwenye duka la pembejeo, ana pikapu, naye alikwisha kuuliza kama njia ya kwenda kwa akina Minza inapitika. Mpango wa Mzee ulikuwa tuvune mtama wake, kisha wa majirani, ambao wangelipa kwa magunia, na magunia yaende mnadani yarudi na mikia ya ng'ombe. Kwa hiyo ndoa ya Masanja ilikuwa mikononi mwangu, nami mikono yangu ilikuwa imejaa grisi.

Hapa nieleze kidogo mashine yenyewe. Mbele kuna visu, vinakwenda huku na huku kama mkasi wa kinyozi, na juu yake fito zinazozunguka na kuinamisha mabua yakatwe vizuri. Yaliyokatwa yanapanda hadi kwenye ngoma. Ngoma ya kombaini ni pipa la chuma lenye mbavu, linazunguka kwa kasi na kupukuchua masuke, na ndiyo moyo wa kazi yote. Kutoka hapo punje zinaangukia kwenye chekeche, feni inapuliza makapi nje, na nafaka safi inapanda tangini. Tangi likijaa unafungua bomba, nafaka inamwagika kwenye magunia au kwenye mkokoteni.

Mtama unataka ngoma ya polepole. Ukiizungusha kama unavuna ngano, punje zinapasuka, unakuwa umesaga kabla ya kufika kinuni. Na feni nayo usiiamini sana. Ukiona kuku wa kijiji kizima wanakuja nyuma yako kwa furaha, usidhani wanakupenda, feni yako inagawa sadaka. Mimi nilikuwa nageuka kila mara kuhesabu kuku, na hiyo ndiyo mita pekee iliyokuwa ikifanya kazi kwenye mashine ile.

Shida yangu haikuwa mashine. Ilikuwa heshima ya Mzee Luhende. Kwa kuwa kombaini ilikuwa mke wa mwanawe, basi kwake ilikuwa mkwe, na baba mkwe wa Kisukuma hamkaribii mke wa mwanawe ovyo. Mwanzoni nilidhani ni utani. Siku nilipofungua mifuniko ya ubavuni nitie grisi, Mzee aliyekuwa anakuja na kiti chake aligeuka ghafla kama aliyeona nyoka.

"Mabula!" akaniita, mgongo kanipa. "Mfunike kwanza mkwe wangu, nina maneno na wewe."

"Baba, hii ni beringi tu."

"Sitaki kujua inaitwaje. Mfunike."

Basi ikawa hivyo. Mzee alitoa amri zake zote kutoka mbali, amesimama kwenye kivuli cha mti wa mnyaa, uso umeelekea kwingine. Kila asubuhi aliuliza, "Amekula?" maana yake dizeli. "Amelala vizuri?" maana yake haikuvuja. Ikifika saa ambayo maksai hufunguliwa nira, alipaza sauti nimpumzishe, hata kama tulikuwa katikati ya mstari. Nilimweleza kwamba injini haichoki kama maksai. Alinijibu kwamba hata marehemu mama yake alisema hachoki.

Msimu ulianza vizuri. Mtama wa Mzee ulikuwa umekomaa, mwekundu, umeinama kwa uzito. Tulivuna karibu nusu ya shamba, majirani wakaanza kuja kuweka nafasi, na Masanja akaanza kupiga mluzi. Kisha asubuhi moja nikasikia mlio, pa!, na mashine ikawa inakula mabua bila kutoa punje. Nikazima, nikaingia chini. Mkanda wa ngoma ulikuwa umekatika. Mkanda huo ni bapa, mpana kuliko kiganja, ndio unaochukua nguvu kutoka kwenye injini na kuizungusha ngoma. Tena siku hiyo hiyo kwelea wakaonekana, lile wingu dogo la ndege linalopinda na kujikunja juu ya mashamba. Kwelea wakishuka kwenye mtama, unabaki na mabua ya kujengea uzio.

Nikapaza sauti nikiwa bado chini ya mashine. "Baba! Mkanda wa ngoma umekatika! Masanja aende Maswa akanunue! Bila ngoma hatuvuni!"

Kule kwenye mnyaa, Mzee alikuwa amenipa mgongo kama kawaida yake, na upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Alichosikia ni ngoma. Nami nilimsikia akimwambia Masanja, "Panda baiskeli uwahi Maswa. Mabula anasema mke wako hafanyi kazi bila ngoma." Nikaona ujumbe umefika, nikaendelea kufungua nati.

Masanja alirudi kesho yake mchana. Alirudi juu ya trela la trekta, pamoja na wacheza ngoma.

Walikuwa wamevaa njuga na manyoya ya mbuni, na katikati yao pana ngoma kubwa kuliko pipa la maji, imefungwa kwa mkanda wa ngozi ya fahali ili mpigaji aibebe. Nilikaa chini kwenye makapi.

"Nimepata iliyo nzuri kuliko zote," Masanja akasema, jasho linamtoka. "Hawa ndio walioshinda mwaka jana."

"Masanja, mimi nilitaka mkanda."

"Baba amesema ngoma."

"Ngoma ya mashine!"

"Sasa mimi nijueje kwamba na mashine nayo ina ngoma?" Akawa amekasirika kweli. "Mke gani huyu, kila siku ana kiungo kipya!"

Mzee naye alikuja, akasikiliza, akakohoa. Hakukubali kwamba amekosea. Alisema tu kwamba wageni wakishafika hawarudishwi na njaa, wapewe michembe ya viazi na maziwa. Juu yetu kwelea walikuwa wanazidi. Na kesho yake ndiyo siku ambayo baba yake Minza alikuwa ametuma neno kwamba anakuja kuona kwa macho yake.

Nilikuwa nimekaa pale, nimekata tamaa, ndipo nikamwona mpigaji akiivua ngoma yake na kuuweka mkanda ule wa ngozi chini. Ulikuwa bapa. Ulikuwa mpana kuliko kiganja. Nikauokota, nikaenda nao mbio hadi kwenye mashine, nikauzungusha kwenye magurudumu yake. Ulitosha, na kipande kikabaki.

Kiongozi wa wacheza ngoma akanifuata. "Wewe! Ngoma yangu itavaa nini?"

"Itavaa ngozi mpya," Mzee akajibu kutoka mnyaani, bila kugeuka. "Siku ya harusi nachinja fahali. Ngozi yote ni yako."

Nikaunganisha ncha kwa nati na vipande vya bati. Mke wa Mzee akaleta samli, tukaupaka ule mkanda ukalainika. Nikawasha. Ngoma ikasita, ikatetemeka, ikazunguka. Fundi Mkuu angeniona siku ile angenifukuza kazi mara mbili, lakini punje zilikuwa zinaingia tangini.

Wacheza ngoma nao hawakukaa bure. Niliwaomba wasimame kwenye kona ambazo sijavuna, wapige kwa nguvu zao zote. Kwelea kila wakitaka kushuka, ngoma inalia, wanapaa. Kukawa na jambo moja tu ambalo sikulitarajia. Ule mkanda ulipopata moto, samli na ngozi ya fahali vikaanza kunuka nyama choma. Mbwa wa kwanza akatokea, kisha wa pili, kisha mbwa wa vijiji ambavyo hata sivijui. Kuku waliokuwa wakinifuata siku zote wakakimbia. Nikawa navuna huku nimefuatwa na msafara wa mbwa wanaodondosha mate, na kule pembeni watu wanacheza.

Hivyo ndivyo baba yake Minza alivyotukuta kesho yake, yeye na shahidi wake, juu ya baiskeli mbili. Alisimama ukingoni mwa shamba muda mrefu.

"Luhende," akasema hatimaye. "Hii harusi ni ya nani?"

Mzee hakutikisika. "Ya mwanangu. Mke mkubwa anavuna, ili mdogo aletwe."

"Huyu ndiye mke mkubwa?" Akaitazama kombaini na mbwa wake. "Anakula nini?"

"Dizeli."

"Anazaa?"

Ng'ombe wa maskini hazai, wahenga walisema, na swali lile lilikuwa na mkuki ndani yake. Mzee akanipungia fimbo. Mimi tangi lilikuwa limejaa, nikasogeza mashine hadi kwenye mkokoteni, nikavuta mkono wa bomba. Hakikutoka kitu. Nikavuta tena. Nafaka ilikuwa imeganda kwenye shingo ya bomba, na mimi nilikuwa juu, mguu mmoja kwenye klachi, siwezi kuachia maana ule mkanda ukisimama ghafla ungekatika.

"Lipigwe hapo shingoni!" nikapaza sauti. "Mtu alipige!"

Masanja alikuwa upande wa pili anafukuza mbwa. Wacheza ngoma walikuwa mbali. Aliyekuwa karibu na bomba, kwa bahati mbaya au nzuri, ni Mzee Luhende, aliyekuwa amesogea ili ajibu maswali ya baba yake Minza.

Baba yake Minza anamtazama, shahidi anamtazama. Akavua kofia. Akasema, si kwa sauti kubwa lakini niliisikia, "Mkwe wangu, nisamehe." Kisha akainua fimbo na kulipiga bomba pigo moja.

Mtama ukamwagika. Ulimwagika mwekundu, mwingi, unachirizika na kung'aa, ukajaza mkokoteni ukapita kingo. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Hata mbwa walikaa chini.

"Kumbe anazaa," akasema baba yake Minza.

Nilidhani ameridhika. Lakini yule alikuwa mtu wa kanuni. Alimgeukia shahidi wake wakanong'ona, kisha akasema kwamba binti yake ataolewa kwenye boma hili, mahari itakapotimia baada ya majirani kuvuniwa, ila kuna jambo la kwanza. "Nimeona kwa macho yangu baba mkwe akimpiga mke wa mwanawe mbele ya watu. Binti yangu hawezi kuletwa kwenye nyumba yenye desturi hiyo mpaka itolewe faini."

"Ile ni mashine!" Mzee akafoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiiita mashine.

"Wewe umesema ni mkwe."

Mzee akanitazama nimsaidie. Mimi nikajifanya nasikiliza injini. Akatoa mbuzi, na mbuzi yule akaliwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo hadi anaingia kaburini Mzee Luhende hakuigusa tena kombaini ile, na kila akiwa anapita mbele yake alishusha macho. Nilikuwa namcheka moyoni wakati ule. Siku hizi namkumbuka mpaka roho inaniuma, maana sijapata tena bosi aliyeuliza kama mashine imelala vizuri.

Ng'ombe walipatikana. Fahali alichinjwa, ngozi ikaenda kwa mwenye ngoma. Minza alipoletwa, naye akaambiwa aanze kwa kumwamkia mke mkubwa. Aliizunguka kombaini taratibu, akagonga tairi kwa vidole. "Mwangaluka, dada," akasema. "Nimekuja kukusaidia kazi. Ila usiku kila mtu kwake." Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku akatoka tangini.

Niliendelea hapo misimu mingi. Mzee alipofariki Masanja akawa bosi, akataka tumwite Meneja, akanunua na kofia ngumu. Siku moja akasema meneja lazima ajue kuendesha, akapanda, akaenda moja kwa moja kupanda kichuguu. Aliyejifunza ni Minza. Alikuja bandani kila nilipokuwa natia grisi, mtoto mgongoni, anauliza hiki kazi yake nini. Mgongo wangu ulipokataa kazi na masikio yakafuata, funguo nilimkabidhi yeye. Akavuna misimu kadhaa, kitenge kimefungwa kichwani dhidi ya vumbi, mpaka kombaini za kukodi zilipoingia na watu wakaona yetu inachelewa.

Sasa nimestaafu, nakaa Somanda, mjini Bariadi, bodaboda zinapita dirishani kutwa nzima nami sizisikii vizuri, ndiyo faida ya kazi yangu. Msimu uliopita Masanja alinipigia simu kwamba wamekuja wanunuzi wa vyuma chakavu, nifike nisaidie kufungua nati zilizoganda. Nilikwenda. Sikulala vizuri kabla ya safari hiyo, nasema wazi.

Nilikuta kijana na wenzake wawili wameshatundika mizani kwenye ule mnyaa wa Mzee. Masanja, naye mvi zimemjaa, amesimama pembeni na kofia yake ngumu. Minza akatoka jikoni, mikono ina unga wa mtama.

"Mnapima nini?"

"Chuma, mama," kijana akajibu. "Tutakikata vipande, halafu tunapima kwa kilo."

Minza akamgeukia mumewe. "Umemuuza?"

"Mke wangu, misimu mingapi amekaa tu hafanyi kazi?"

"Na wewe umekaa misimu mingapi?"

Masanja akavua kofia. Minza akajifuta unga, akaenda kuweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, pale pale rangi ilipobaki. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Kijana, nikwambie. Huyu mzee unayemwona hakunioa. Hakuwa na ng'ombe hata wa dawa. Aliyenitolea mahari kwetu, mkia kwa mkia, ni huyu hapa. Masanja alimsindikiza tu." Akaigeukia mizani. "Sasa niambie unampima wapi, kichwani au miguuni?"

Kijana akatazama mizani yake, kisha akanitazama mimi, labda kwa kuwa ndimi niliyeshika spana.

"Mzee, sasa mimi nifanye nini?"

Nikarudisha spana begini. "Kwanza umwamkie. Umeingia hapa hujamwamkia."

"Nimwamkie nani? Simwoni."

"Humwoni na ukubwa wote ule?"

Alisita, akadhani tunamchezea. Kisha akavua kofia yake, akainama kidogo mbele ya banda, akasema mwangaluka. Ndani ya tangi kuku akatikisa mbawa. Minza ndiye aliyejibu kwa niaba ya mke mwenzake, kama mama kwa mwanawe.

"Mhola duhu, ng'wanawane," akasema. "Sasa funga mizani yako, uje ule."